Maji ya Moto Mwisho wa Laini

Mwalimu Kizito alikutwa amekunjamana kando ya ndoo ya kuogea, mkono wa kulia umetumbukia majini hadi kiwiko. Ndani ya ndoo kulikuwa na rezistansi, ule msokoto wa chuma ambao watu wa Uvira huutia majini ili umeme uyachemshe. Waya wake ulipita chini ya pazia la bafu, ukavuka ua, ukaishia kwenye priza ya ukuta wa sebule.

Inspekta Generose alifika saa moja na dakika kumi. Ilikuwa Alhamisi. Nyumba ilisimama juu ya mto Mulongwe, pale ambapo mtaa unakoma na mlima unaanza. Nguzo ya umeme iliyokuwa uani ilikuwa ya mwisho. Baada yake hakuna waya tena, ni mihogo tu.

"Nani amechomoa waya?" aliuliza.

"Ni minye." Aliyejibu ni Mama Agathe, jirani. Mkononi bado ameshika kigae cha kubebea makaa. "Nilikuja kuomba kaa la moto. Kila asubuhi ninaomba hapa, kwani Mwalimu ndiye anawasha mbabula wa kwanza mtaani. Niliita, hakuitika. Nikaona mguu. Nikachomoa waya, halafu nikamtoa mkono majini. Alikuwa amekwisha."

"Saa ngapi?"

"Saa moja kasorobo. Redio ilikuwa inamaliza habari."

"Maji yalikuwaje?"

"Moto. Kama ya kuogesha mzazi."

Generose alitia vidole ndani ya ndoo. Ndoo ya lita ishirini, imejaa. Nusu saa ilikuwa imepita, na bado maji yalimlazimisha kuutoa mkono haraka.

Aliingia jikoni. Mbabula, jiko la makaa, ulikuwa na makaa mekundu chini ya majivu. Kando yake kulikuwa na sufuria kubwa, tupu, bado ina matone.

Sebuleni palikuwa nadhifu. Mezani kulikuwa na vipimo viwili vya umeme vya kufundishia, daftari, na saa ya mkono. Mlango wa chumba ulikuwa umepakwa rangi nyeusi kwa ndani ili utumike kama ubao, na kipande cha chuma cha transfoma kuukuu kiliwekwa sakafuni kuuzuia usijifunge. Kwenye ubao kulikuwa na maandishi ya chaki. Mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa kunyooka: *Rezistansi ya volti 220, wati 1100. Ikipewa volti 110, itatoa wati ngapi?* Mstari wa pili, kwa mwandiko mwingine, mnene: *550*. Jibu hilo lilikuwa limekatwa. Chini yake mwandiko wa kunyooka ulianza tena: *Umekaribia. Tafuta kwanza amp*

Neno halikumalizika. Kutoka kwenye herufi ya mwisho mstari mmoja wa chaki ulishuka hadi chini ya mlango. Chaki yenyewe ilikuwa sakafuni, vipande viwili.

Generose alinakili yote, pamoja na ule mstari.

"Mwalimu alikuwa na mgeni?" alimuuliza Mama Agathe.

"Mwalimu Patient, wa shule yake. Alikuja gizani. Nilimwona akishuka umeme ulipokwisha kuja, dakika kama kumi hivi. Aliaga kwa sauti: 'Mwalimu, tutaonana shuleni.'"

"Naye Mwalimu alijibu?"

Mama Agathe alifikiri. "Sikumusikia. Lakini Mwalimu haikuwa muntu wa kupiga kelele."

Kelele zilitoka njiani. Vijana walikuwa wamemshika mwanamume mmoja kwa kola ya shati. Alikuwa Thierry, fundi wa umeme, aliyefunga ile priza wiki mbili zilizopita. Askari Semana alimwokoa kwa kumkamata. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kutoa hukumu: fundi amefunga vibaya, umeme umeua.

Daktari hakumsaidia mtu yeyote. "Kuna pigo kisogoni," alisema katika maelezo yake. "Linaweza kuwa ndilo lililomuua. Linaweza pia kuwa ni la kuanguka kwenye saruji baada ya kupigwa na umeme. Ngozi iliyolowa haionyeshi kila mara alama ya kuungua. Siwezi kuapa."

*

Mwalimu Patient alipatikana shuleni, kwenye darasa la umeme la taasisi ya ufundi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, koti limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Alijibu bila kusitasita.

"Nilifika kwake saa kumi na moja na robo. Tulitayarisha masomo."

"Umeme ulikuja saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili, kama kila siku. Alitia rezistansi kwenye ndoo, akaichomeka. Nilimwacha saa kumi na mbili na dakika kumi. Alikuwa mzima. Maji yalikuwa baridi bado."

"Ulifika hapa saa ngapi?"

"Dakika ishirini kabla ya saa moja. Wanafunzi wote waliniona kwenye bendera. Muulize prefe."

Prefe, mkuu wa shule, alikubali. Patient alikuwa mwalimu wa kwanza kufika.

"Unadhani nini kilitokea?"

"Inspekta, ni hesabu tu. Rezistansi ile ni ya wati elfu moja na mia moja. Lita ishirini zinahitaji kama nusu saa kupata moto wa kuogea, zaidi kidogo kuwa moto kabisa. Mwalimu alikwenda kuyapima kwa mkono, na priza ya yule fundi ikamalizana naye. Minye nilikuwa nimeshafika mjini chini." Alitikisa kichwa. "Nilimwambia asimwite fundi wa barabarani."

Maji ya moto yalimpa Patient ushahidi safi. Kama umeme ulianza saa kumi na mbili, na maji yalikuwa moto saa moja kasorobo, basi Mwalimu Kizito aliishi mpaka Patient akiwa shuleni. Hivyo ndivyo Generose alivyoandika kwenye faili. Aliandika polepole, kwa sababu ya sufuria tupu.

Komanda wa kituo aliusoma ukurasa huo mmoja, akasema faili imekamilika. Sheria ilimruhusu kumshikilia mtu saa arobaini na nane. Jumamosi saa mbili asubuhi Thierry angepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na kutoka hapo gerezani, mahali ambapo faili hulala hadi mtu asahau kwa nini aliingia.

*

Alasiri hiyo mke wa Thierry, jina lake Keza, alikuwa kwenye ngazi ya kituo na bakuli la ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, lililofungwa kwa kitambaa. Hakulia wala hakubembeleza.

"Madamu, watu wamekuja kuchomoa priza zao zote alizofunga," alisema. "Wameziweka mulangoni kwangu. Ukimpeleka Jumamosi, hata akirudi hana kazi tena Uvira. Afazali unielezee sasa, nijue kama nirudi Lemera kwa mama."

"Ngoja kwanza," Generose alijibu. Alichukua bakuli na kulipeleka mwenyewe kwenye kasho, chumba cha mahabusu.

Thierry alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani.

"Weye ndiye uliyefunga ile priza?"

"Ni minye. Na ningeifunga tena vile vile."

"Mtu amekufa."

"Nilimpenda kabla hamjamjua. Alinifundisha miaka minne. Lakini priza haikumuua."

"Maji yalikuwa moto sana. Rezistansi ilifanya kazi vizuri."

Thierry aliinua kichwa. "Maji yapi?"

"Ya ndoo. Lita ishirini, dakika arobaini na tano."

"Yamepata moto na nini?"

"Na umeme, Thierry. Nimekuambia."

Kwa mara ya kwanza fundi alitabasamu. "Kule juu? Madamu, kule juu taa inawaka kama sigara. Ukitaka kusoma barua unatoka nje."

Generose alikaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa. "Nielezee kama kwa mtoto."

"Rezistansi ya Mwalimu naijua. Ni ya kufundishia, haikuwa ya kuogea. Kwenye kibati chake imeandikwa volti mia mbili ishirini, wati elfu moja mia moja. Gawa wati kwa volti. Unapata nini?"

"Tano."

"Ampea tano. Huo ndio mkondo unaopita kama umeme ni mzima. Sasa gawa volti kwa ampea: mia mbili ishirini kwa tano."

"Arobaini na nne."

"Omu arobaini na nne. Huo ni ukinzani wa chuma chenyewe, na chuma hakibadiliki ukikipeleka mlimani. Sasa kule juu, mwisho wa laini, kila nyumba ya chini imeshavuta chake. Zinabaki volti mia na kumi. Gawa kwa ukinzani uleule."

Generose aliandika kwenye kiganja. "Mbili na nusu."

"Ampea mbili na nusu. Zidisha kwa volti mia na kumi upate nguvu."

Ilimchukua muda. "Mia mbili sabini na tano."

"Wati mia mbili sabini na tano. Siyo elfu moja na mia moja. Na siyo nusu yake."

"Ni robo. Kwa nini robo? Volti zimepungua nusu tu."

"Kwa sababu volti zimekuwa nusu, na ampea nazo zimekuwa nusu. Nusu mara nusu." Alifungua bakuli. "Watu wengi wanakosea hapo. Mwalimu alikuwa anawangojea pale pale, kama polisi wa barabarani."

Generose alitazama nakala yake ya maandishi ya mlangoni. Kisha aliikunja na kuitia mfukoni.

*

Ijumaa, dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili, alikuwa sebuleni kwa marehemu pamoja na Semana. Walijaza ndoo ileile maji ya bomba. Prefe naye alikuja, na ndiye aliyeunganisha vile vipimo viwili, kimoja cha volti na kimoja cha ampea.

Umeme ulikuja. Taa ya dari iligeuka nyekundu, ikabaki hivyo.

"Volti?" Generose aliuliza.

"Mia na kumi," alisoma prefe.

"Ampea?"

"Mbili na nusu."

Baada ya dakika arobaini na tano Generose alitia mkono. Maji yalikuwa vuguvugu, kama ya ziwa wakati wa mchana. Semana alitia mkono wake pia, akacheka. "Haya hata ndagala wangeishi humo."

Mama Agathe alikuwa ameegemea ukuta na kigae chake, kwa mazoea. "Mbona hamukuniuliza?" alisema. "Mwalimu alikuwa anachemsha maji ya kuoga ku mbabula. Kila siku. Alisema rezistansi kule juu ni mapambo."

"Jana ulimsikia akiwasha mbabula?"

"Saa kumi na moja. Ile upepeo wake inapiga kelele."

"Na taa yako jana, umeme ulipokuja?"

"Nyekundu, sawa hii."

Hayo yalieleza sufuria tupu. Maji ya moto ya asubuhi ya Alhamisi yalitoka kwenye makaa, na mtu aliyamimina kwenye ndoo ili yaonekane yamechemshwa na umeme. Mtu huyo alihitaji maji yaonyeshe kwamba Mwalimu alikuwa hai hadi karibu saa moja. Na mtu huyo hakujua kwamba umeme wa hapo usingeweza kuyachemsha.

Generose alifungua daftari lililokuwa mezani. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili: tarehe na volti. Mwalimu alikuwa akipima kila asubuhi dakika ile umeme ulipoingia, ili apeleke malalamiko ya mtaa. 112. 109. 110. Asubuhi arobaini na moja mfululizo, hata siku za Jumapili. Ya mwisho ilikuwa Jumatano.

Alhamisi haikuwemo.

*

Patient alikaa kitini kituoni saa tatu asubuhi, kalamu tatu mfukoni.

"Rudia," Generose alisema. "Umeme ulipokuja, Mwalimu alifanya nini?"

"Nimekwisha kusema. Alitia rezistansi majini, akaichomeka."

"Kabla ya hapo?"

"Hakuna."

"Baada ya hapo?"

"Tuliongea. Nikaondoka."

"Hakwenda mezani? Hakuandika chochote?"

"Nilikuwa naye dakika zote kumi. Hakuandika kitu."

"Weka sahihi hapo."

Aliweka. Generose alimsogezea daftari, likiwa wazi kwenye ukurasa wa mwisho.

"Kwa siku arobaini na moja mtu huyu hakukosa kuandika volti dakika umeme ulipoingia. Jana unasema alikuwa mzima, amesimama hatua mbili kutoka mezani, na hakuandika. Kwa nini?"

"Labda alisahau."

"Labda. Basi nisaidie jambo lingine, wewe ni mwalimu wa umeme. Rezistansi ile, volti mia na kumi. Itatoa wati ngapi?"

Patient alitoa kalamu moja, akairudisha. Semana, aliyekuwa kwenye mashine ya kuchapa, aliacha kutafuna.

"Mia tano hamsini," Patient alisema.

Generose alifungua nakala ya ubao, akaiweka juu ya daftari. "Ndivyo ulivyoandika jana. Tazama mwandiko huu, halafu tazama sahihi yako na maelezo uliyoandika jana kwa mkono wako."

Hakutazama.

"Jibu ni mia mbili sabini na tano. Tumepima leo. Hata ingekuwa mia tano hamsini, maji yale yasingekuwa moto vile. Lakini wewe hukutumia hata hesabu yako hiyo. Ulisoma kibati, ukachukua wati elfu moja na mia moja nzima, kwa sababu nyumbani kwako, jirani na transfoma ya mjini, rezistansi huchemsha kweli. Ulimimina maji ya mbabula, ukachomeka waya, ukaaga maiti kwa sauti. Fundi yeyote wa mtaani angekuambia hayawezekani. Thierry aliniambia akiwa kasho, anakula ugali."

Nje mtu alikuwa anaita wateja wa mikate. Patient alisikiliza mpaka sauti ikapita.

"Diploma haikuwa yangu," alisema. "Ni ya kaka yangu. Alikufa mwaka uleule alioipata. Nilibadilisha jina kwenye karatasi. Miaka sita hakuna aliyeuliza."

"Mwalimu Kizito aliuliza."

"Hakuuliza. Aliniangalia nikifundisha. Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono, akauliza swali lile, volti zikipungua inakuwaje. Nikasema inafuatana, nusu kwa nusu. Mwalimu alikuwa amesimama dirishani. Jioni akaja kwangu. Akasema, Patient, njoo kwangu alfajiri kabla ya shule, tutaanza ukurasa wa kwanza, hakuna atakayejua."

"Hakukutishia?"

"Hapana. Alisema tu mpaka nitakapoelewa nisishike darasa la umeme. Prefe angeambiwa minye ni mgonjwa." Alitazama mikono yake. "Baba yangu yuko Runingu. Kila Jumapili kanisani ananisimamisha, anaambia watu: huyu ni enjenia wangu. Marehemu kaka hakuwahi kusimamishwa, alikufa mapema. Minye nimesimama mahali pake."

"Endelea."

"Alinipa chaki. Minye, mwenye wanafunzi sabini. Aliandika swali lilelile. Nikaandika mia tano hamsini. Akalikata. Halafu akanipa mgongo, akaanza kuandika tena. Nilijua anaandika sifuri. Kile chuma cha mlangoni kilikuwa karibu na mguu wangu."

"Umeme ulikuwa umekuja?"

"Bado. Ilikuwa kama saa kumi na mbili kasorobo. Alikuwa na taa ya tochi." Alizipanga upya kalamu mfukoni. "Nilikirudisha chuma pale pale. Nilikisafisha. Nilimvuta bafuni. Maji yalikuwa yanachemka jikoni, nikafanya hesabu. Niliona ni hesabu nzuri."

"Hukusoma alichokuwa anaandika?"

"Hapana."

"Hata ulipokuwa unatoka?"

"Sikuutazama mlango."

Semana alichapa mstari wa mwisho wa maungamo. Generose aliyasoma yote kwa sauti, kama sheria inavyotaka, akamsogezea mtuhumiwa kalamu. Patient alitia sahihi kwa ule mwandiko mnene.

Saa tano Thierry alitolewa. Komanda alimrudishia mkanda wake na viatu bila kumtazama. Keza alikuwa kwenye ngazi ileile. Hawakukumbatiana mbele ya watu. Alimpa mumewe bisibisi, akasema priza kumi na nne zinamngojea mlangoni, na zote azirudishe mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mchana, wakimwona.

Generose alirudi kwenye chumba cha mahojiano. Patient alikuwa amefungwa pingu, anangoja gari.

"Sifuri haikuwepo," alimwambia. Alinyanyua nakala na kumsomea mstari wa tatu. "'Umekaribia. Tafuta kwanza amp.' Hapo chaki ilianguka."

Patient aliangalia karatasi kwa muda mrefu. Midomo yake ilianza kusogea bila sauti, na Generose akaelewa kwamba anagawa: volti mia na kumi kwa omu arobaini na nne.